Sura ya Tisa: Taa Sita za Southall

Zilikuwa zimebaki saa tano kabla Pacifique Mushagalusa hajafukuzwa kazi, na Elinaja Mrema, mpelelezi aliyemfikisha hapo, alikuwa Southall, mtaa wa Wahindi magharibi mwa London, akitafuta jina moja tu, la mnunuzi, la kukamilishia ripoti yake.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabango ya maduka. Watu walitokeza ndani yake kidogo kidogo, kilemba kwanza, kisha ndevu, kisha mfuko wa bamia, halafu wakapotea tena kana kwamba barabara ilikuwa inawaota tu. Tangu wiki iliyopita Elinaja alikwisha ingia maduka ya dhahabu ishirini na moja. Katika kila duka aliweka picha mbili juu ya kioo: ya kwanza ya Pacifique, ya pili ya taa ya udongo ya Kirumi, ndogo ya kutosha kiganjani, yenye pengo la umbo la mwezi mchanga kwenye kishikio. Katika kila duka alitikisiwa kichwa.

Taa hiyo ilikuwa imetoweka kwenye maabara ya Taasisi ya Uchimbaji wa Kale wiki tano zilizopita. Ndiyo ilikuwa kitu cha pekee ambacho Dakta Lydia Wanjohi, mwanaakiolojia wa taasisi, alikuwa nacho kuthibitisha kwamba handaki moja kule milimani, kaskazini mwa Uhispania, lilichimbwa na Warumi waliokuwa wakisaka dhahabu. Pacifique alikuwa mwosha vigae wa maabara, vile vipande vya vyungu vya kale. Kabla ya London alikuwa mchimba dhahabu Kamituga, huko Kongo, kwa hiyo dhahabu na mashimo vilikuwa vinamfuata popote aendapo. Siku ambayo taa haikuonekana, kwenye simu ya maabara ulikutwa ujumbe wake kwa mkewe, Noëlla: *Nimeuza taa Southall.* Elinaja alimhoji kwa Kiswahili ili kuokoa muda, na mtu yule akakubali bila kupepesa macho. Kikao cha nidhamu kilikuwa saa tisa alasiri. Akiandikwa mwizi, ombi lake la kukaa nchini, lililokuwa mezani kwa watu wa uhamiaji huko Croydon, lingetupwa nje, na yeye, Noëlla na binti zao wawili wangetupwa nalo.

Duka la ishirini na mbili wala halikuwa la dhahabu. Liliuza ubani, masufuria ya shaba na sanamu za miungu. Tuseme ukweli, Elinaja hakuingia humo kwa upelelezi. Aliingia kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mungu wangu, baridi gani hii," alijisemea.

"Basi funga mlango, mama, usituletee yote," sauti ikamjibu kwa Kiswahili.

Nyuma ya kaunta alikaa mzee wa kilemba cha buluu, kikombe cha chai mkononi. Elinaja alibaki ameshika kitasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Tanzania. Mkenya angeshalaani serikali kwanza, halafu baridi." Mzee alicheka peke yake. "Mimi ni Gurmukh Virdee, mtu wa Kisumu. Hapa London nimekuja kutembea tu. Mwaka wa arobaini na mbili huu."

Elinaja alitabasamu, akatoa picha zake. Alikwisha zitoa mara nyingi hata mkono ulikuwa unajiendea wenyewe. Mzee Virdee aliitazama ya Pacifique, na chai ikaanza kumwagika kwa kicheko.

"Huyu! Huyu jamaa tulibishana naye nusu saa. Wiki ya Diwali, duka limejaa mpaka nje, anakuja ananiambia, 'Papa, mi nataka kuuza taa.' Nikamwambia, 'Bwana, hapa mimi ndiye nauza. Mimi sinunui kitu.' Ananiambia, 'Njo vile, papa. Wewe uko nauzisha, mi niko nauza.' Watu wamepanga laini wananiangalia. Nikafikiri huyu amelewa."

Kalamu ya Elinaja ilisimama.

"Mkononi alikuwa na nini?"

"Mwavuli."

"Hakuwa na taa? Kama hii ya pichani?"

"Mama, nimekwambia mwavuli. Mwisho akanyoosha kidole pale." Mzee alionyesha kapu lililojaa visahani vya udongo vyenye ncha, taa za Diwali zilizobaki bila mnunuzi. "Ah! Nikaelewa, anataka kununua. Nikamuuzia sita. Alinusa udongo, akaniuliza zilichomwa kwa kuni au kwa umeme. Miaka yote hii nauza diya, hakuna mtu ameniuliza swali kama hilo."

"Sita," alisema Elinaja.

"Sita. Mbona umebadilika rangi? Keti. Chai ipo."

Hakuketi. Alimwomba mzee aandike aliyoyasema na kutia sahihi, na mzee akaandika kwa herufi za mraba, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo: *Mtu wa kwa picha alinunua. Mimi niliuza.* Elinaja aliisoma ile karatasi mara tatu. Maneno saba tu, na yalitosha kuangusha kazi yake ya wiki tano.

Kwenye treni ya reli ya Elizabeth alichomeka vidude vya kusikilizia masikioni, akaifungua rekodi ya mahojiano. Hanwell ikapita kwenye ukungu, Ealing ikapita. Sauti yake mwenyewe ilikuwa kavu kuliko alivyoikumbuka.

"Uliuza taa?"

"Ndiyo, madame. Niliuza."

"Wapi?"

"Southall."

"Ngapi?"

"Sita."

Siku ile aliisikia fahari katika majibu hayo, akaiita ukaidi. Alikuwa ameulizia bei; aliandika "sita" kwenye tafsiri yake, mkuu wa taasisi akadhania ni pauni mia sita, na Elinaja hakumsahihisha kwa sababu hata yeye alidhania hivyohivyo. Kabla ya Paddington treni iliingia chini ya ardhi. Kwenye kioo cheusi aliiona sura yake ikielea, na nyuma yake kuta zikikimbia, na kwa muda hakuwa na uhakika kama yumo London au ndani ya ule mlima aliousoma kwenye mafaili: mlima ambao Warumi waliutoboa matumbo, wakayaleta maji kwa mifereji kutoka mbali, wakayafungulia yote kwa pamoja mpaka mlima ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Watu walikuwa wakishinda humo gizani, zamu zao zikipimwa kwa mafuta yaliyomo kwenye taa zao. Aliamka pale alipotakiwa kushuka, ingawa hakuwa amelala.

Alimkuta Pacifique kwenye korido ya taasisi, saa mbili kabla ya wakati, amevaa suti yake ya kanisani. Juu ya kichwa chake ilitundikwa picha kubwa ya ule mlima, mwekundu, uliochongoka kama meno mabovu. Magotini alipakata chombo cha plastiki cha kubebea chakula.

"Pacifique, nina swali moja. Kuuza ni nini?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

"Kuuza? Si unatosha feza, unabeba kitu."

"Unatoa fedha. Na ukitoa kitu, ukapata fedha?"

"Ile ni kuuzisha, madame."

"Na kununua?"

"Ile ni neno ya mu Biblia. Pasteri njo anasemaka vile." Macho yake yalitoka usoni mwa Elinaja, yakashuka mpaka kwenye bahasha aliyoishika, yakapanda tena. "Kwenu ni namna gani?"

"Kwetu ni kinyume."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliegemeza kichwa kwenye ukuta, chini ya mlima, akafumba macho.

"Noëlla alinilaumu," alisema. "Eti, 'Mbona ulikubali?' Nikamwambia nimekubali ukweli, nitakatala juu ya nini? Mi nilifikiri tunasikilizana."

Elinaja aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa ameulizwa na mkuu kama atahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, naye akajibu kwa kujiamini kwamba Kiswahili ni Kiswahili.

"Zile sita ulizitakia nini?"

Pacifique alifungua chombo. Ndani, juu ya karatasi za jikoni, zilikaa diya sita nyeusi tititi, kila moja na kijikaratasi cha tarehe. "Niliziwasha ndani ya chungu cha maua, nikakigeuza juu chini, nikaacha katundu kadogo ka hewa. Sawa vile mu shimo. Angalia. Masizi inapanda mpaka ku mugongo, inaingia mu udongo, hata uoshe haitoki. Ile taa ya Daktari, wakati niliiosha, ilikuwa na masizi ku kinywa tu. Iliwaka mara moja, sawa taa ya feti, ya sikukuu. Haijafanya kazi mu shimo ile taa. Hata siku moja."

"Ulimwambia nani?"

"Daktari Lydia peke. Nilimwambia, ngoja nijaribu kwanza, labda niko nadanganyika. Kesho yake taa ikapotea."

Elinaja aliketi kando yake. Sasa mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe. Kama taa haikufanya kazi mlimani, basi iliwekwa mle na mkono wa mtu. Lakini ilikuwa taa halisi ya Kirumi, wataalamu wawili walikwisha kuikubali. Mtu anaipata wapi taa halisi ya Kirumi bila kuonekana akiitafuta? Na akishaona itamwumbua, anaificha wapi, kama ni mtu ambaye maisha yake yote amefundishwa kwamba kitu cha kale hakitupwi?

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyechimba mle?" aliuliza, na akashangaa kusikia sauti yake ina huzuni.

"Watu walikuwa mule!" Pacifique alifumbua macho. "Niliona picha za kuta. Alama za sururu zinatoka upande huu, halafu upande ule: mtu alichoka mukono wa kuume, akabadirisha. Na vile vidaka vya kuweka taa, kimoja, unatembea, kingine. Mafuta inaisha, zamu inaisha. Kwetu Kamituga ilikuwa betri ya toshi. Watu walikuwa mule, madame. Taa njo haikuwako."

Dakta Lydia Wanjohi alikuwa maabara, akipanga picha za vidaka hivyohivyo mezani. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyetoka Nyeri miaka ishirini iliyopita akiwa na ufadhili wa masomo, na Elinaja alikuwa amempenda tangu siku ya kwanza. Hilo nalo lilikuwa kosa la kikazi.

"Elinaja! Si kikao ni saa tisa?"

"Naomba ufunguo wa droo za kufundishia, Daktari."

"Ulishaziangalia mwanzoni kabisa. Kila kitu kilikuwa in place."

"Ndiyo. Siku ile nilikuwa natafuta nafasi tupu."

Lydia alikawia kidogo tu, kisha akautoa ufunguo mfukoni. Droo ya taa ilifunguka bila sauti. Taa kumi na moja za Kirumi, za kuwaonyesha wanafunzi, zililala kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo la kila moja. Kumi na moja kwenye orodha, kumi na moja kwenye droo. Elinaja aliweka tiki siku ile na kwenda kunywa kahawa. Sasa alivaa glavu, akaziinua moja moja na kuzigeuza. Ya saba ilikuwa na pengo kwenye kishikio, umbo la mwezi mchanga.

Aliilaza kando ya picha yake. Kisha akalowanisha ncha ya glavu kwa maji ya bomba, akasugua namba iliyoandikwa kwenye kitako. Namba ya taa ya sita, alipoisugua, haikutoka. Ya saba ilipaka buluu kidoleni.

"Hii namba ina wiki tano," alisema. Akairudisha taa kwenye sponji, nayo ikazama sawasawa, bila kucheza hata kidogo. Taa iliyosemekana kulala mlimani karne kumi na tisa ilikuwa imechongewa kitanda chake hapa London.

Lydia alivuta kiti. Ukungu ulikuwa umebandika uso kwenye madirisha.

"Misimu mitatu," alisema. "Three seasons, Elinaja. Ukisimama ndani ya lile handaki unawasikia. Kweli, usinicheke. Nilijua ni Warumi, kila kitu kilikuwa kinasema hivyo, lakini hapakuwa na kitu hata kimoja cha kushika mkononi, na ufadhili ulikuwa unaisha. Nikabeba taa moja kwenye begi. Nilitaka tu wanipe msimu mmoja zaidi, nipate ile ya ukweli."

"Halafu Pacifique akaiosha."

"Halafu Pacifique akaiosha." Alicheka bila furaha. "Ndiye archaeologist mzuri kuliko sisi wote humu ndani. Sikumsingizia. Nilisema imepotea, basi. Wewe ndiye ulikuja na 'ameuza'."

Neno hilo lilimkata Elinaja maini, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Mimi nilikosea," alisema. "Lakini dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba Pacifique hawezi kuwa ameuza taa ile, kwa kuwa ilikuwa kwake: wewe. Ulisoma tafsiri yangu, ukajua haiwezekani, ukakaa kimya wiki tano. Ulikuwa unangoja nini? Croydon wamrudishe kwao?"

Lydia alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekuonea huruma.

"Sikiliza. Tuseme taa imepatikana. Ilirudishwa kwenye droo isiyo yake, mistake ya kawaida. Kesi inakufa, Pacifique anabaki na kazi. Hakuna haja ya kugusa tafsiri. Ukisimama pale useme ulitafsiri kinyume, kila kesi uliyowahi kutafsiri itafunguliwa upya. Hutapata kazi hii tena London hii."

Msomaji asimwone Elinaja malaika. Alifikiri kodi yake ya nyumba. Alifikiri miaka saba ya kujenga jina. Alifikiri pia ile rekodi, ambayo ingebaki kwenye faili hata kama taa imepatikana, sauti ya mtu akisema kwa fahari kwamba aliuza. Siku moja karani wa Croydon angeifungua na kumwuliza Pacifique: kama hukuuza hii, uliuza ipi?

"Droo uibebe mwenyewe, Daktari," alisema. "Ukiingia nayo kwa miguu yako utakuwa umesaidia. Nikiibeba mimi, nitasema nilipoikuta."

Alitoka bila kugeuka nyuma. Kwenye korido alisikia hatua zake peke yake, kisha, mbali nyuma yake, droo ikichomolewa kutoka kwenye reli zake.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na taa za dari zilizowaka mapema kwa sababu ya giza la Novemba. Wajumbe watatu walikaa upande mmoja, mwenyekiti katikati, mwanamke wa Kiingereza mwenye miwani na adabu nyingi. Pacifique alisimama mpaka alipoambiwa akae. Elinaja alisambaza karatasi ya Mzee Virdee, akaeleza habari ya diya, akaeleza masizi. Mlango ulifunguliwa, Lydia akaingia na droo mikononi, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Aliyoyasema hayakuchukua hata dakika tatu. Hakuna aliyemkatiza.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. Akaliinua faili.

"Bado sielewi jambo moja," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Hapa pana sahihi yako, Bi. Mrema. Uliapa kwamba mtu huyu alikiri. Tafadhali mwulize tena, mbele yetu."

Rekodi ilikuwa inaenda. Elinaja aligeuka. Pacifique alikuwa ameishika ile plastiki kwa mikono miwili, vidole vimeingiwa na masizi kwenye kucha.

"Pacifique," alisema, "uliuzisha taa?"

"Hapana, madame." Aliiweka plastiki mezani. "Sikuuzisha. Sijauzishaka kitu cha mutu."

Elinaja aliyatafsiri neno kwa neno. Mwenyekiti alilitazama faili, kisha akamtazama yeye.

"Mara ya kwanza alisema ndiyo. Nini kimebadilika?"

"Mara ya kwanza," alisema Elinaja, "nilimwuliza kwa Kiswahili changu."

Akaivuta tafsiri yake ya zamani, akakata sahihi yake kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika jina lake kamili na tarehe ili asije mtu akadhani ni kosa la mwingine.